Barakoa ya Padri na Dawa ya Ulingoni



Ndugu vijana, katika mikutano ya vikundi vyenu, Xaveri, Kizito-Anuarite na vinginevyo, swali moja limetufikia mara nyingi tangu simu zenye video zilipoenea hata katika vijiji vya njia ya reli: je, Mkristu anaruhusiwa kutazama kachi? Wengine huliuliza kwa kicheko, kwa kuwa wamependezwa na vifua vipana na mirukio ya wapiganaji. Wengine huliuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu katika video zitokazo Kinshasa wamemwona mtu akimpulizia mwenzake unga, na mwenzake akaanguka kama mgomba uliokatwa. Wa kwanza wanataka ruhusa. Wa pili wanataka kujua kama walichokiona ni kweli. Jibu letu kwa wote wawili lina safari ndefu kidogo, nasi tunaomba uvumilivu wenu, maana litapita Mexico kabla ya kurudi Niemba.

Mieleka yenyewe haihitaji kutetewa. Hakuna mtoto aliyekulia kando ya Lukuga asiyepigana mieleka mchangani, na Maandiko Matakatifu hayaionei haya. Katika sura ya 32 ya Kitabu cha Mwanzo, Yakobo anashindana na mtu asiyemjua usiku kucha, nyonga yake inateguka, na mpinzani anakataa kumtajia jina lake. Kulipopambazuka Yakobo anaondoka akichechemea, lakini amebarikiwa. Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wakorintho, alichukua mifano yake katika viwanja vya michezo vya Wagiriki bila kuomba radhi.

Kachi ni tawi moja tu la mti huo mkubwa. Katika karne ya 19, wafanyakazi wa Lancashire, huko Uingereza, walikuwa na mtindo wa mieleka ulioruhusu kumkamata mpinzani popote mwilini, na jina lake lilitokana na neno la Kiingereza la kukamata. Kifaransa kikalichukua neno hilo, na kwa mlango wa Kifaransa likaingia kwetu. Mtindo ulipotoka vijijini na kupanda jukwaani kwa ajili ya watazamaji wanaolipa kiingilio, ulibadilika. Wapiganaji walianza kupatana kabla ya pambano nani ataanguka na lini. Kwa hiyo kachi mnayoiona leo, iwe ya Marekani, ya Mexico au ya Kinshasa, kwa sehemu kubwa ni mchezo wa kuigiza unaochezwa kwa mwili.

Tusiharakishe kuuita uongo. Kila mwaka Ijumaa Kuu vijana wetu huigiza Mateso ya Bwana; kijana anayeigiza Yuda si msaliti, na askari anayeshika mjeledi hana chuki. Watazamaji wanajua, nao hulia. Tena mwili hauigizi kila kitu. Mwezi Machi 2015, mjini Tijuana, mwanamieleka mashuhuri wa Mexico, Perro Aguayo Mdogo, aliumia shingo katika pambano la kawaida na akafariki. Kupatana juu ya mshindi hakuzuii mifupa kuvunjika. Wanaosema kwamba kachi ni mchezo wa watoto hawajawahi kuangushwa chali juu ya mbao.

Huko Mexico mchezo huu huitwa lucha libre, yaani mieleka huru. Mtu aliyeupanga ukawa kazi ya kudumu aliitwa Salvador Lutteroth. Alivutiwa na mapambano aliyoyaona upande wa Texas, na mwaka 1933 akaanzisha katika Jiji la Mexico kampuni iliyoitwa Empresa Mexicana de Lucha Libre. Kampuni hiyo ingali hai, ingawa siku hizi inaitwa Consejo Mundial de Lucha Libre, na ukumbi wake mkuu, Arena México, ulifunguliwa mwaka 1956. Wapiganaji wake hugawanyika pande mbili: mafundi, wanaofuata kanuni na kupigana kwa ustadi, na wakorofi, wanaouma, kuchoma macho na kumdanganya mwamuzi. Watu huenda kuwashangilia wa kwanza na kuwazomea wa pili, ingawa tunasikia kwamba wengi moyoni huwapenda wakorofi zaidi. Hilo halitushangazi. Katika maigizo ya Noeli, Herode hakosi wa kumwomba nafasi.

Kilichowatofautisha Wamexico na dunia nzima ni barakoa. Si ile ndogo ya kuziba pua na mdomo, bali kitambaa kinachofunika kichwa kizima, chenye matundu ya macho, pua na mdomo, kilichofungwa kisogoni kwa kamba. Barakoa za mwanzo zilishonwa katika miaka ya 1930 na fundi viatu Antonio Martínez, na ukizitazama utaona mkono wa fundi viatu: kamba ya nyuma ni kamba ya buti. Mwenye barakoa hakuonekana uso hadharani hata sokoni. Pambano zito kuliko yote lilikuwa lile ambalo wapiganaji wawili waliweka barakoa zao rehani. Aliyeshindwa alivuliwa mbele ya umati, akataja jina alilozaliwa nalo, na hakuruhusiwa kujifunika tena.

Mashuhuri kuliko wote alikuwa Rodolfo Guzmán Huerta, aliyezaliwa mwaka 1917. Mwaka 1942 alivaa barakoa ya rangi ya fedha akajiita El Santo, maana yake Mtakatifu. Mtakatifu huyo, tutaje kwa tabasamu, alianza upande wa wakorofi na kukaa huko miaka mingi. Alicheza katika sinema zaidi ya 50. Mwezi Januari 1984, akiwa mzee, aliinua barakoa yake kidogo mbele ya kamera za televisheni, watu wakauona uso wake kwa muda mfupi. Tarehe 5 Februari akafariki, akazikwa akiwa ameivaa.

Lakini mwanamieleka tuliyetaka hasa mumjue hakuwa bingwa. Anaitwa Sergio Gutiérrez Benítez, aliyezaliwa mwaka 1945 katika jimbo la Hidalgo, na ni padri. Ujana wake haukuwa wa kupendeza. Aliingia katika dawa za kulevya, akaishi maisha ya mitaani, na alipomwendea padri mmoja kuomba msaada, alifukuzwa. Wengi kati yetu tungeishia hapo, tukabaki na hadithi ya kuwalaumu mapadri. Yeye alikaza moyo kwamba ikiwa padri yule alimkataa, basi atakuwa yeye mwenyewe padri asiyewakataa watu wa namna yake. Aliingia katika shirika la Wapiaristi, ambalo kazi yake ni kuwasomesha watoto maskini, akapata upadrisho mwaka 1973. Baadaye akawa padri wa jimbo la Texcoco, karibu na Jiji la Mexico.

Pale Texcoco alianza kuwapokea watoto wasio na wazazi na waliotupwa barabarani. Watoto wanakula kila siku. Sadaka ya Jumapili haitoshi. Padri Sergio alikumbuka sinema ya miaka ya 1960 kuhusu padri anayepigana mieleka kwa siri ili kuwalisha yatima. Ilikuwa sinema tu, mambo ya kubuni. Yeye akaifanya kweli. Alijifunza mieleka, akajishonea vazi la rangi nyekundu na dhahabu, akajiita Fray Tormenta, yaani Bruda Tufani, akaanza kupanda ulingoni bila kuwaambia watazamaji kuwa asubuhi alikuwa ameadhimisha Misa.

Alidhani kachi ingempa fedha nyingi, akakuta malipo ni madogo. Sehemu hii tunaipenda kuliko nyingine, kwa sababu inafanana na maisha. Angeweza kurudi nyuma na kusema kwamba hesabu haikutoka. Aliendelea miaka 23. Alipigana mjini na vijijini, na aliumia kama wanavyoumia wengine. Mwanamieleka mwenzake, Huracán Ramírez, alipotambua kwamba yule mwenye barakoa ni padri na kuieneza habari hiyo, umati haukumcheka. Ulianza kuja kwa wingi zaidi, na padri hakuondolewa katika daraja lake. Watoto aliowalea walikuwa wengi. Wako waliokuja kuwa walimu, wanasheria na madaktari. Sinema zimetengenezwa kutokana na maisha yake, moja huko Ufaransa mwaka 1991 na nyingine huko Marekani mwaka 2006. Ile ya pili ni ya kuchekesha, na mkiitazama mtacheka, lakini padri wa kweli hakuwa mtu wa kuchekwa.

Tuangalie kazi ya barakoa katika maisha haya mawili. El Santo aliificha sura yake ili hadithi iendelee kuishi. Padri Sergio aliificha ili watu walipe kiingilio cha mieleka, nao bila kujua wakawa wanawanunulia watoto chakula. Bwana wetu alifundisha kwamba atoaye sadaka asipige tarumbeta mbele yake. Padri huyu alipigiwa matarumbeta kila alipoingia ukumbini, lakini yalipigiwa Bruda Tufani, na sadaka ikabaki imefichwa.

Sasa turudi kwetu. Kachi ya Kongo ni ya muda mrefu kuliko wengi wenu mnavyodhani. Katika miaka ya Zaire, watu wa umri wetu walilisikia jina la Kele Kele Lituka hata pasipokuwa na televisheni, kama walivyolisikia jina la Muhammad Ali baada ya tarehe 30 Oktoba 1974, alipomwangusha George Foreman katika uwanja wa Kinshasa. Katika miaka ya karibuni jina linalotajwa zaidi ni la Edingwe, ajiitaye Moto na Ngenge. Wanaotujia kwa hofu humtaja yeye, kwa sababu amejijengea sifa ya kupigana kwa dawa.

Mapambano ya Kinshasa hayafanyiki katika kumbi kama Arena México. Ulingo hujengwa kwa mbao na kamba katika uwanja wa mtaa au katikati ya barabara ya cité, na mchana wapiganaji huzunguka mitaani pamoja na watu wa ngoma na matarumbeta ili kuita watazamaji. Mmoja amejipaka rangi mwili mzima, mwingine amevaa barakoa, mwingine anasindikizwa na jeneza. Wanawake nao hupigana. Wengi wao ni makanika, madereva, walinzi wa usiku au watu wasio na kazi, na wanachopata kwa pambano hakitoshi kulisha nyumba. Tusiwadharau. Wengine wana ustadi wa mwili ambao sisi walimu, kwa matumbo yetu haya, tungeuonea wivu.

Kuna aina mbili za mapambano hayo. Katika ya kwanza watu hurushana na kukabana kama mahali pengine popote. Katika ya pili mpiganaji hamgusi sana mpinzani. Humnyoshea mkono, humpulizia unga, hunong'ona maneno. Na mpinzani huanza kuyumba kama mlevi, hucheza bila kutaka, huvua nguo zake, au huanguka na kubaki ametulia mpaka aliyemwangusha amwinue. Umati hukimbia, kisha hurudi. Watoto wako mstari wa mbele.

Hapa ndipo tunapoomba msikilize kwa makini, maana ndiyo sababu ya makala haya. Tumesema kwamba katika kachi wapiganaji hupatana nani ataanguka. Mkiweka jambo hilo kando ya unga unaopulizwa, mtaona kitu cha ajabu: ulingo wa kachi ndio mahali pekee duniani ambapo dawa haishindwi kamwe. Haishindwi kwa sababu anayepuliziwa amekubali kuanguka. Mganga wa kijijini huhangaika kueleza kwa nini mgonjwa hakupona. Mpiganaji wa dawa hana taabu hiyo. Kila juma anaonyesha mbele ya macho elfu moja kwamba unga unaangusha watu. Igizo la Ijumaa Kuu linakwisha, Yuda anavua kanzu na kwenda kula na wenzake, na kila mtoto anajua kwamba lilikuwa igizo. Igizo la dawa likiisha hakuna anayevua kitu. Mpiganaji hurudi mtaani kwake na sifa ile ile, tena huiongeza mbele ya waandishi wa habari, na mtoto wa mstari wa mbele anakwenda kulala akiwa na ushahidi.

Na ushahidi huo haubaki ulingoni. Sisi wa Niemba tuna sababu ya kutofautisha pambano la mchezo na pambano la kweli. Tarehe 8 Novemba 1960, wakati wa vita vya kujitenga kwa Katanga, askari 11 wa Ireland waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa walishambuliwa karibu na hapa kwenye daraja lililovunjwa. Tisa waliuawa, wawili wakapona. Wapiganaji wa Kiluba waliowashambulia nao walipoteza watu. Waireland hawakuja kupigana na Waluba, na wengi wanaoandika juu ya siku ile hukubali kwamba walidhaniwa kuwa watu wa Katanga. Hawakuanguka kwa kupatana, na hakuna mwamuzi aliyehesabu mpaka tatu na kuwainua.

Miaka minne baadaye, mwezi Juni 1964, Simba waliingia Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Walikuwa vijana, wengine umri wenu kamili. Walinyunyiziwa maji na kuambiwa kwamba risasi zitageuka maji, nao walikimbilia bunduki wakiita jina la maji hayo. Walipewa miiko mingi: kutoguswa na mwanamke, kutotazama nyuma, kutokula chakula fulani. Kijana alipokufa, jibu lilikuwa tayari: amevunja mwiko. Ndivyo ilivyokuwa pia ng'ambo ya ziwa katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, Kinjikitile Ngwale alipowagawia watu maji dhidi ya bunduki za Wajerumani. Wale watu walikuwa na haki ya kukataa kudhulumiwa, nasi hatuwacheki. Lakini maji hayakuzuia risasi hata moja, na wengi wasiohesabika walikufa kwa vita na kwa njaa iliyofuata.

Hivyo dawa ya vitani inashindwa, na kushindwa kwake hutupiwa marehemu. Dawa ya ulingoni haishindwi, na kushinda kwake huwapa nguvu waganga wa vitani. Hatusemi kwamba mpiganaji wa Kinshasa anampeleka kijana porini. Tunasema kwamba kijana anayeitwa kujiunga na Mai-Mai, akikumbuka alivyoona kwa macho yake unga ukimwangusha mtu mwenye kilo 100, ana sababu moja zaidi ya kunyosha shingo ili anyunyiziwe. Katika mkoa wetu wa Tanganyika tumezika vijana wa namna hiyo, na haikuwa zamani.

Kuna jeraha jingine. Mwenye kuamini kwamba unga unaweza kumwangusha mtu bila kumgusa, akifiwa na mtoto wake ataanza kutafuta aliyepuliza. Naye hatafuti mbali: ni bibi mjane anayeishi peke yake, ni mtoto wa kambo anayekojoa kitandani. Kinshasa na miji mingine ina watoto wengi wa barabarani waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, na aibu kubwa ni kwamba baadhi yao walishtakiwa hivyo na watu walioshika Biblia. Nchi yetu imelitambua jambo hilo. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu. Sheria hiyo ni vizuri muijue kwa jina, maana ipo siku mtahitaji kuitaja mbele ya mjomba wenu.

Kijana mmoja alituuliza swali ambalo hatukulijibu papo hapo, kwa kuwa lilistahili kufikiriwa. Alisema: mpiganaji ana hirizi mkononi, nasi tuna skapulari na medali shingoni; tofauti iko wapi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki inagusa jambo hilo pande zote mbili. Katika namba 2117 inakataa uchawi na uvaaji wa hirizi. Lakini kabla ya hapo, katika namba 2111, inatuonya sisi wenyewe: hata sala na alama takatifu zinaweza kugeuka ushirikina, ikiwa mtu anategemea kitendo cha nje tu na kuacha moyo wake nyuma. Kwa hiyo tofauti haiko katika kamba au kitambaa. Mkatoliki anayevaa skapulari ili gari lisimgonge huku akiendesha amelewa, amevaa hirizi.

Lakini jibu lililo wazi zaidi ni maisha ya Mwenyeheri Isidori Bakanja. Alikuwa kijana wa Kongo hii hii, mfanyakazi wa ujenzi huko Mbandaka, aliyebatizwa mwaka 1906. Alipokwenda kufanya kazi katika shamba la Wazungu, bosi mmoja alimwamuru avue skapulari yake na kuacha kuwafundisha wenzake sala. Hakuivua. Mwaka 1909 alichapwa kwa mjeledi wa ngozi wenye misumari mpaka mgongo ukawa donda moja, na donda hilo likaoza miezi kadhaa. Alifariki tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994.

Hirizi huahidi kwamba fimbo haitakugusa. Skapulari ya Bakanja haikuzuia hata pigo moja, ndiyo iliyoyaleta. Aliivaa kama mtu avaavyo pete ya ndoa, si kama mtu avaavyo ngao. Kijana aliyeuliza alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kwa hesabu hiyo hirizi ni rahisi zaidi. Tulimwambia kwamba ameelewa.

Baada ya haya yote, je, kachi itazamwe? Upande wetu, kachi ya kurushana na kukabana tunaona haina kosa, ikitazamwa baada ya kazi na masomo. Ile ya unga tunawaomba muiache. Hatuiogopi, ila kila mtazamaji ni shahidi anayehesabiwa, na kila mnapoipitisha kutoka simu hadi simu mnaongeza idadi ya mashahidi. Kama mdogo wako ameshaiona, kaa naye na umweleze jinsi wapiganaji wanavyopatana. Mwonyeshe namna ya kuanguka bila kuumia, aanguke yeye mwenyewe mara tatu mchangani akipuliziwa vumbi. Atacheka, na sehemu ya hofu itatoka pamoja na kicheko.

Imebaki habari ya sikukuu ya parokia. Baadhi ya vikundi vimeomba kuandaa mapambano ya mieleka siku hiyo, na chama chetu kimekubali. Ulingo wa mbao hatuna, wala hatuhitaji. Jirani zetu wa Mukono, nchini Uganda, walianza mwaka 2023 chini ya Daniel Bumba, mtu aliyezoea kuwafasiria watazamaji kachi ya televisheni kwa Kiganda. Waliita chama chao Soft Ground Wrestling kwa sababu hawakuwa na ulingo ila udongo laini waliouzungushia nguzo na kamba, na vijana wao sasa wanatazamwa nje ya Afrika. Sisi tuna mchanga wa mtoni. Utaletwa juma moja kabla, upepetwe mawe, na ulundikwe kufika magotini. Wasichana watapigana na wasichana. Hakuna atakayepanda bila kufundishwa kuanguka. Mama wa jumuiya wamejitolea kupika, na kiingilio, hata kama ni kidogo, kitakwenda kwenye karo ya watoto yatima ambao jumuiya zimekwisha kuorodhesha. Unga hautakuwapo, hata wa mchezo.

Juu ya barakoa hatujapatana. Wazee watatu wa chama wanakataa. Wanasema kwamba kwa mababu zetu mwenye kufunika uso alikuwa na jambo la usiku, na watoto wadogo wataogopa. Wengine wanasema kwamba Bruda Tufani alistahili kukumbukwa, na kwamba mama mmoja fundi cherehani yuko tayari kushona barakoa mbili, moja nyekundu na dhahabu, kwa sharti kwamba mvaaji aivue mwisho wa pambano na kuwaonyesha watoto uso wake. Kikao kitafanyika Jumapili baada ya Misa ya pili. Kila kikundi kilete maoni yake kwa maandishi, pamoja na majina ya wapiganaji na uzito wao.